Rejeleo la Tisa

Tudor, saa saba usiku. Panka yazungusha joto lilelile
na kila nikiinua kiganja, karatasi yaja nacho.
Tasnifu imekwisha. Imebaki orodha ya waliosema kabla yangu,
kumi na saba, wamekaa kwa alfabeti
kama wageni wa karamu waliopangwa na mtu asiyewajua.

Msimamizi wangu, Daktari Mwachiro, ana kalamu ya kijani.
Nilipoandika “kama ilivyothibitishwa na [4]”
alikata: “Mabano hayathibitishi kitu. Taja mtu, kisha namba.”
Nilipoandika “tazama [6]”
alizungushia duara: “Kitabu cha kurasa mia sita!
Wampeleka msomaji Kongowea kutafuta ndimu moja
na humwambii hata safu?”
Nikaongeza: Nadharia 4.2. Kisha nikarudi tena,
maana katika chapa ya pili ni 5.1
na mimi ninayo ya kwanza, isiyo na jalada.

Hayo ni ya mkono, na mkono hufundishika:
jina la jarida lilale, namba ya juzuu ikolee,
kurasa ziungwe kwa kistari kirefu,
nukta mwisho, hata kama hakuna atakayeiona.

Ya moyo ni mawili.

Weissenborn, wa kumi na sita, sijamsoma.
Kijerumani sikijui. Nilimkuta mkiani mwa makala ya mtu
aliyemkuta mkiani mwa makala ya mtu,
nikamchukua kwa uzito wa jina lake,
kama joho la kuazima.

Na Lema ya Tatu, ambayo sura nzima imeegemea:
anza kuhesabu kwenye kipeo chenye majirani wachache,
rangi tatu hazitatosha.
Hiyo alinipa Shemsa, dukani kwake Mwembe Tayari,
nyuma ya risiti ya madebe mawili ya rangi nyeupe.
Shemsa, aliyetushinda sote darasani,
kisha babake akaugua, misumari ikamwita.

Kiolezo chaniuliza: kichwa cha makala? Hakina.
Jarida? Risiti. Juzuu? 0382.
Kurasa? Moja, upande wa nyuma.

Nikampigia. “Jina lako la ukoo?”
Akacheka mpaka mteja akamuuliza kulikoni.
“Mimi Shemsa wa Kombo wa Mbwana. Wamtaka yupi?”
Kanuni yamtaka wa mwisho atangulie.
Basi ni Mbwana, S. K.: babu yake,
mchoma chokaa aliyetia sahihi kwa dole gumba,
ndiye atakayesimama mlangoni pa lema.

“Lakini mbinu ile si yangu,” akasema.
“Ni ya mwalimu Nyiro, kidato cha nne,
kwa swali jengine kabisa. Na yeye
alikuwa akisema kuna mtu alimwonyesha...”
Nikasikia isnadi ikirefuka gizani,
fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani,
hadi wa kwanza kabisa aliyeona
kwamba hesabu huanzia kwa mwenye jirani mchache.
Mahali fulani sharti ukate.
Nimekata pale mkono wangu ulipopokea,
Nyiro nikampa tanbihi.

Halafu nikamtoa Weissenborn.

Wa tisa hadi wa kumi na tano wakasogea kiti kimoja,
wote saba; na kwa kuwa namba nilizichapa moja moja
nimepita ukurasa kwa ukurasa nikiwasogeza hadi adhana.
Zubov, wa kumi na saba, amebaki wa kumi na saba.
Hakuhisi jirani yake akiinuka,
wala kule juu mwuza rangi akiketi.

Leo rasimu imerudi. Kando ya wa tisa, kwa kijani:
“Huyu ni nani?”
Swali zuri.
Kwa Weissenborn hakuwahi kuuliza.